Kinanda cha zamani kinasumbua? Anza na kosa kilichozaliwa nalo

Ukimpelekea fundi redio mbovu, atakuuliza nini kimeungua. Kinanda cha umeme kilichotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1980 kinataka swali jingine litangulie: je, kiliwahi kuwa kizima? Vingi vilitoka kiwandani na kasoro zake. Waliovibuni walikuwa wanapita njia ambayo hakuna aliyeipita kabla yao, pesa za kampuni zilikuwa zinakaribia kuisha, na wateja walikuwa wanasubiri mlangoni. Fundi asiyejua hilo atabadilisha kapasita nzima moja baada ya nyingine, na ugonjwa utabaki palepale.

Basi tunakwenda dalili kwa dalili. Kwa kila moja, tenga mambo matatu: kosa la kubuniwa, uchakavu wa miaka, na umeme wa ukutani. Na kabla hujafungua skrubu ya kwanza, chomoa plagi usubiri. Vinanda vya valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, vina kapasita zinazoshikilia mamia ya volti hata baada ya kuzimwa, na hazijali kwamba wewe ni fundi mzoefu.

"Kilitoa harufu, kikanyamaza"

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linaloua vinanda vingi vikiwa na afya. Kinanda kilichotengenezewa soko la Japani kinataka volti 100. Cha Marekani kinataka takriban 117 hadi 120. Ukikichomeka kwenye soketi ya 230, fyuzi inakatika mara moja, na hapo umepata bahati. Ukiweka fyuzi nene zaidi "ili isisumbue", safari hii kitakachoungua ni transfoma.

Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Usiamini maneno ya muuzaji, na usiamini plagi, kwa sababu plagi hubadilishwa na yeyote mwenye kisu. Baadhi ya vinanda vina swichi ya kuchagua volti, vingine vina nyaya za ziada kwenye transfoma ndani, na vingine havina chochote isipokuwa transfoma ya nje ya kushushia. Ukikuta fyuzi imekatika lakini transfoma inapima vizuri kwa mita, na hakuna harufu ya vanishi iliyoungua, tafuta fyuzi ya ukubwa uleule ulioandikwa. Zaidi ya hapo usibuni.

"Kinapiga vizuri ila kipo chini ya gitaa"

Umepata kinanda cha Hammond kutoka Marekani. Umekiwekea transfoma, kimewaka, mlio ni mtamu. Bendi inaanza, na kila kitu kiko chini: ukibonyeza C inatoka A iliyolegea kidogo. Mwimbaji anakuangalia.

Hakuna kilichoharibika. Laurens Hammond alikuwa mtengenezaji wa saa za umeme kabla ya kuingiza kinanda chake sokoni mwaka 1935, na mota aliyoiweka ndani ni ya ukoo wa saa zake: inazunguka kwa kufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Marekani mapigo hayo ni 60 kwa sekunde. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya dunia ni 50. Magurudumu ya chuma yanayozalisha sauti, 91 katika modeli ya B-3, yanazunguka kwa asilimia 83 tu ya mwendo wake, kwa hiyo kinanda kizima kinashuka kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu. Transfoma uliyonunua inashusha volti. Mapigo haiyagusi kabisa.

Siliiti kosa, kwa sababu kwa Hammond aliyeishi Chicago lilikuwa wazo la busara: kampuni ya umeme ndiyo iliyomshikia tyuni bila malipo, na vinanda vyake havikuhitaji kutyuniwa maisha yake yote. Ni busara iliyofungwa ndani ya mipaka ya nchi. Kiwanda chenyewe kilikuja kutoa matoleo ya 50 kwa ajili ya nchi nyingine, kwa hiyo kibandiko cha nyuma kinakuambia kama unahitaji kuhangaika. Ukiwa na cha 60, dawa ni kigeuzi cha umeme kinachotoa mapigo 60 safi.

Dalili ndugu yake: tyuni inashuka na kupanda wakati wa ibada au harusi inayotumia jenereta. Jenereta ndogo ikizidiwa, injini inapungua mwendo, mapigo yanashuka, na Hammond inashuka nayo. Wengine wamefungua kinanda kizima wakitafuta ugonjwa uliokuwa nje ya ukumbi, kwenye dumu la petroli.

Na kama mota haiwaki kabisa, kumbuka B-3 na jamaa zake wana swichi mbili. Ile ya kuwashia inashikiliwa sekunde kama nane hivi mpaka mota ndogo ifikishe magurudumu mwendo, ndipo unawasha ile ya kuendeshea huku ukiendelea kushikilia ya kwanza kwa muda mfupi. Ikigoma, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka. Kinatiwa mafuta mepesi ya aina yake, mara moja kwa mwaka, na si mafuta ya kupikia wala ya cherehani yaliyobaki kabatini.

"Tyuni inatembea kadiri kinavyopata moto"

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wabunifu wa sinthesaiza, vinanda vinavyounda sauti kwa saketi za umeme, waliposumbuka zaidi.

Katika sinthesaiza za mtindo wa Moog, volti 1 ikiongezeka, sauti inapanda oktava 1. Ndani, volti hiyo inapunguzwa mpaka takriban milivolti 18 kwa kila oktava, kisha inalishwa kwenye transista ambayo mkondo wake huongezeka maradufu kwa kila milivolti 18 hizo. Kwenye karatasi ni ubunifu mzuri sana. Shida ni kwamba transista hiyohiyo inasogea kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Piga hesabu: nyuzi moja tu ya joto na sauti imehama zaidi ya nusu toni.

Wabunifu walilijua hilo, wakaoanisha transista mbili zinazofanana ili moja ifute kosa la mwenzake. Sehemu kubwa ya tatizo inaondoka. Inayobaki ni kwamba zile milivolti 18 zenyewe hubadilika kwa takriban thuluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi. Karibu na noti ya katikati husikii kitu. Oktava tatu mbali nayo, nyuzi 5 tu zinakuhamisha zaidi ya nusu ya nusu toni, na hiyo hata msikilizaji aliyekuja kula pilau anaisikia.

Minimoog, sinthesaiza ya kampuni ya Moog iliyobuniwa Trumansburg katika jimbo la New York na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipitia yote haya mbele ya watu. Mfano wake wa kwanza uliunganishwa na Bill Hemsath kwa vipande vilivyobaki kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana. Bodi za osileta, saketi zinazozalisha mawimbi ya sauti, za matoleo ya awali zina sifa mbaya ya kuhama jukwaani, taa zikiwaka. Baadaye kiwanda kilileta bodi nyingine yenye chipu ya µA726, ambayo ndani yake ina kipasha-joto kidogo: badala ya kupigana na joto la ukumbi, chipu inajishikilia kwenye joto lake yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya Minimoog inayohama ni hili: ina bodi ipi? Ya zamani kuhama ni tabia yake. Mpya kuhama ni ugonjwa.

Kupima, kiache kiwake angalau nusu saa bila kukigusa. Kutyuni kinanda baridi ni kujitafutia kazi ya pili. Kisha sikiliza *namna* kinavyohama. Noti zote zikisogea pamoja kwa kiasi kilekile, pima pawa saplai, sehemu inayolisha umeme ndani, kabla ya kitu kingine. Volti za osileta zikiyumba, sauti yote inayumba nazo. Noti za chini zikiwa sawa na za juu zikiwa zimepotea, hapo kilichotoka ni kipimo cha oktava, na kuna skrubu ndogo ya kukirudisha, ambayo huzungushwa kwa robo ya robo ya mzunguko huku ukilinganisha noti mbili zilizo mbali. Ikiruka ghafla, kama mtu aliyeshtuka, si joto kabisa: ni mguso mchafu, kwenye kirekebisho, kwenye soketi ya bodi, au kwenye vijiti vya waya vilivyo chini ya vitufe.

Pwani, ongeza tatizo la unyevu na chumvi. Migusano iliyokaa miaka Ulaya bila shida inaota ukungu wa kijani Mombasa au Unguja katika muda mfupi. Safisha hiyo kwanza, kabla ya kulaumu chipu ambayo kuipata leo ni kazi.

"Kila baada ya noti kadhaa, moja inatoka vibaya"

Piga vitufe tofauti, kimoja kimoja, taratibu, ukihesabu. Kasoro ikijirudia kila noti ya tano au ya sita bila kujali kitufe gani, kitufe hakina kosa. Kinanda hicho kina sauti tano au sita ndani yake, yaani saketi za kutoa noti, zinapokezana zamu, na moja ni mgonjwa.

Katika Prophet-5 ya Sequential Circuits, iliyotoka 1978, sauti ni tano. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa mikono na kwa haraka, 182 tu, na likajulikana kwa kuharibika. Toleo la pili liliimarishwa, lakini chipu za SSM zilizokuwa ndani ziliendelea kuleta shida, mpaka toleo la tatu la 1980 lilipohamia chipu za Curtis. Wapenzi wa mlio bado wanabishana lipi tamu. Anayetengeneza hana ubishi. Kina swichi ya kujityuni: ibonyeze, usubiri, upige tena. Sauti ikirudi kwenye mstari, lilikuwa joto. Isiporudi, kompyuta yake ndogo imeshindwa kuivuta, na hapo unakwenda kwenye osileta ya sauti hiyo moja tu.

Roland Juno-106 ya 1984 ina sauti sita na dalili zake zinajulikana dunia nzima: sauti moja inakuwa dhaifu, inakwaruza, inabaki ikivuma baada ya kuachia kitufe, kisha inakufa. Washa huku umeshikilia swichi ya kuhamisha ufunguo, ile yenye neno Transpose. Kinanda kinaingia hali ya majaribio na kioo kinakuonyesha namba ya sauti inayopiga. Ukishaijua namba, umeshajua chipu: 80017A, moja kwa kila sauti, yenye filta, yaani kichujio cha mlio, na kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Chipu hizo ni vibodi vidogo vilivyozamishwa kwenye gundi ngumu nyeusi, na gundi iliyowekwa kuvilinda ndiyo inayovimaliza. Wengi huzing'oa, wakaziloweka kwenye asetoni mpaka gundi ilainike, wakaimenya, na chipu ikafufuka. Wengine huivunja katika kuimenya. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo fanya nje, mbali na jiko la mkaa. Zipo pia chipu mbadala zinazotengenezwa sasa, na kwa kinanda cha kazi, si cha maonyesho, mimi ningenunua hizo sita zote kwa mkupuo mmoja. Ikifa moja, wenzake wako njiani.

"Noti moja imekufa, juu mpaka chini"

F# zote kimya, nyingine zote ziko hai. Dalili hii inasema mengi kuliko inavyoonekana, kwa sababu inakuonyesha ramani ya ndani: kinanda kina osileta kumi na mbili tu, moja kwa kila jina la noti katika oktava ya juu, na oktava za chini zinapatikana kwa kugawa mawimbi kwa mbili, tena kwa mbili. Ikifa osileta, jina zima linakufa. Ikiwa F# za juu zinalia na kuanzia oktava fulani kwenda chini ni kimya, osileta ni nzima. Kigawanyaji cha hatua hiyo ndicho kimekata mnyororo.

Vox Continental ya Uingereza, iliyotoka 1962, ilijengwa hivyo, na ni rehema kwa fundi: bodi kumi na mbili zinazofanana, kwa hiyo unaweza kupima bodi mbovu ukilinganisha volti zake na za jirani yake mzima, hatua kwa hatua, bila hata mchoro.

Aliyetangulia njia hiyo ni Novachord ya kampuni ya Hammond, na hakupata rehema yoyote. Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939: noti 72, zote zinaweza kulia kwa wakati mmoja, valvu 163, na kapasita zaidi ya elfu moja. Kila kimojawapo kilikuwa na nafasi ya kuleta kasoro. Unyevu ukibadilika, rezista na kapasita za wakati huo zilihama, na vigawanyaji vilivyotegemea vipimo sahihi vikapoteza hesabu, noti ikaanza kubwabwaja badala ya kulia. Zilitengenezwa 1,069 mpaka 1942, vita vilipokausha vipuri. Hata kama kiwanda kingepata vipuri, sidhani kingefika mbali. Kilikuwa kinauza maabara kwa watu waliotaka kiti cha kukalia na nyimbo za sebuleni.

"Kinatoa mlio wa tik, na nasikia noti ambazo sikuzipiga"

Ile tik ya Hammond usiitibu. Chini ya kila kitufe cha B-3 kuna migusano tisa, na haifungi kwa wakati mmoja. Wahandisi waliihesabu kuwa kasoro na wakajaribu kuipunguza. Wapigaji wa jazi na wa nyimbo za injili wakaipenda, kwa sababu inaipa noti mwanzo mkali, na leo vinanda vya kidijitali vinaiigiza kwa makusudi. Ikiwa ni kubwa mno kwenye vitufe vichache tu, huo ni uchafu wa migusano.

Noti za jirani kusikika kwa mbali ni kuvuja kati ya nyaya, na ni ugonjwa mkongwe kuliko vyote katika ukoo huu. Telharmonium ya Thaddeus Cahill, iliyopigwa New York mwaka 1906, ilikuwa na uzito wa tani 200 na haikuwa na kikuza sauti, kwa sababu hakikuwepo bado. Ili muziki ufike kwa wasikilizaji kupitia nyaya za simu, mashine ilisukuma umeme mwingi mno, ukavuja kwenye nyaya za jirani, na watu waliokuwa wakizungumza mambo yao wakaingiliwa na muziki. Kwenye kinanda chako kipimo ni kidogo ila kanuni ni ileile: tenganisha waya wa sauti na waya wa umeme, hakikisha ngao ya waya imeunganishwa na ethi, na mvumo mzito usioisha utafute kwenye kapasita kubwa za pawa saplai.

"Kimesahau sauti zote"

Ni betri inayoshikilia kumbukumbu ya sauti. Katika Yamaha DX7 ya 1983, ukiwa kwenye hali ya Function, swichi namba 14 inakuonyesha volti ya betri iliyo ndani. Ikishuka chini ya takriban volti 2.5, hamisha sauti zako nje kwanza, ndipo uitoe. Imelehemiwa, kwa hiyo weka kishikio safari hii.

Korg Polysix ya 1981 ni jambo zito zaidi. Betri yake ya kuchajiwa huvuja, na maji yake hula njia za shaba za bodi ya KLM-367. Dalili zinachekesha: vitufe vinakufa kwa makundi, sauti zinajichagua, noti zinagoma kunyamaza. Usitafute tatizo la kompyuta. Angalia kwanza ukungu wa bluu na kijani kuzunguka betri. Maji hayo ni ya alkali, kwa hiyo siki kidogo inayatuliza, kisha unasafisha kwa maji yaliyochujwa, unakausha vizuri, unaunganisha njia zilizolika kwa waya mwembamba. Polysix yenye betri ya kiwandani bado ndani, itoe betri hiyo leo, hata kama kinanda kinafanya kazi.

"Noti inakatika baada ya sekunde nane"

Hii ni Mellotron, na haina tatizo. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha utepe wa sauti, na utepe umeisha. Nyanyua kidole, springi iurudishe, bonyeza tena.

Tatizo ni sauti inapolegea ukibonyeza vitufe vingi pamoja. Kila utepe ni mzigo kwa mota moja, na bodi ya kuongoza mota katika M400 za mwanzo, CMC-10, ilishindwa kushikilia mwendo. Baadaye ikaja SMS-2, iliyo bora. Kabla ya kubadilisha bodi, angalia roli za mpira kama zimekuwa ngumu, na usafishe vichwa vya kusomea.

"Sauti imezibika, haifunguki juu"

Kwenye sinthesaiza za ARP zenye filta ya 4072, huenda hakuna kilichochakaa. Filta hiyo ilitoka kiwandani na hesabu iliyokosewa, ikaishia karibu na kHz 12, yaani mapigo 12,000 kwa sekunde, badala ya kwenda mbali zaidi. Kubadilisha rezista chache kunaifungua. Minimoog nayo ina kosa la hesabu: mawimbi yanaingia kwenye filta yakiwa makubwa kuliko ilivyokusudiwa, yakaipa ule mlio mnene unaojulikana. Hilo liache. Ukilirekebisha, utamrudishia mwenye kinanda mashine sahihi asiyoitambua, na hatakulipa.

Na ukiletewa Polymoog ya miaka ya 1970, yenye vitufe 71 na chipu maalumu kwa kila kimoja, taja bei ya kuichunguza tu, mbali na bei ya kuitengeneza, na uchukue ya kwanza kabla hujafungua kifuniko.